Maswali kwa Fundi: CD iliyomeza picha za 2008

Mbukwa mwanangu fundi. Mimi ni mwalimu mstaafu, nipo Kongwa. Nina CD ya picha za mahafali ya darasa la saba. Nilichomewa steshenari mara ya kwanza 2008, nikairudisha 2009, nikairudisha tena 2011, CD ileile, maana nafasi ilikuwepo. Mwaka jana mjukuu wangu aliona laptopu yangu imekuwa nzito, akatoa Windows akaweka Linux Mint. Sasa nikiweka CD naona picha za 2011 peke yake. Mjukuu anasema Linux itakuwa imefuta zile nyingine. Jirani anasema CD imeoza. Nani mkweli? Na je, nimpe mtu aichome upya ili ifunguke?
— Mwalimu mstaafu, Kongwa

Shikamoo Mwalimu. Wote wawili wamekosa, ingawa mjukuu nampa maksi chache kwa kukuwekea Linux. CD yako ni CD-R, na CD-R haifutiki. Leza huunguza rangi iliyomo ndani ya plastiki, na rangi ikishaungua hairudi ilivyokuwa. Linux inaweza kugoma kuisoma, inaweza kuisoma nusu, lakini kuifuta haiwezi. Habari ya kuoza nitaifikia. Na hilo la kuichoma upya naomba uliache kabisa, kwa sababu kila atakayeichoma tena atakula nafasi na kutundika pazia jingine mbele ya picha zako.

Nilikuomba CD yenyewe kwa sababu kuelezwa kwenye simu na kushika mkononi ni vitu viwili. Imefika Jumanne kwa basi la asubuhi, ndani ya bahasha ya kaki, imeviringishwa kipande cha kanga. Juu ina mwandiko wa kalamu tatu: "MAHAFALI 08" kwa wino mweusi, "09" kwa bluu, na "2011" kwa nyekundu iliyokwisha kufifia. Nikatoka nayo nje ya banda, hapa Barabara ya Saba, nikaigeuza upande unaong'aa na kuiinamisha juani. Jua la Dodoma la saa nne halina adabu, lakini kwa kazi hii hakuna taa inayolishinda. Nikaona pete. Karibu na tundu la katikati kuna ukanda mpana uliokolea, kisha mstari, ukanda mwembamba, mstari tena, ukanda wa tatu, halafu eneo lote la nje halijaguswa. CD huandikwa kuanzia katikati kwenda ukingoni, kinyume cha sahani za santuri. Kwa hiyo kabla sijawasha kompyuta nilishajua kuwa 2008 ipo, imekaa kwenye ukanda wa ndani kabisa.

Wewe umeita majina asubuhi kwa miaka mingi, basi nitalieleza kwa rejesta. Kila ulipokwenda steshenari, programu ya kuchomea ilifungua sesheni mpya. Iliandika picha, ikaandika na rejesta yenye majina ya mafaili na mahali kila faili lilipoanzia, kisha ikafunga. Mwaka 2009 ikafanya hivyo tena kwa rejesta nyingine, na 2011 vilevile. Ukiiweka CD, kompyuta huuliza kiendeshi rejesta ya mwisho iko wapi, husoma hiyo tu, zilizotangulia haizigusi. Utaratibu wenyewe una akili, kwa sababu mchomaji makini huhamisha majina yote ya zamani kwenye rejesta mpya kabla ya kuifunga, kama ulivyokuwa ukihamisha majina ya darasa la sita kwenda la saba. Kijana wako wa steshenari hakuhamisha. Programu ilimwuliza kama anaendeleza diski ya zamani au anaanza mpya, naye akabofya kuanza mpya, pengine foleni ilikuwa mlangoni. Wanafunzi wa 2008 wamekaa kwenye madawati yao mpaka leo, ila hakuna anayewaita.

Usimlaumu sana kijana, wala usijilaumu. Wazo la kurudi na CD ileile ni la siku nyingi. Mpangilio wa mafaili kwenye CD, unaoitwa ISO 9660, ulitoka 1988, wakati CD ikichapwa kiwandani mara moja na basi. Kodak walipoleta Photo CD mwaka 1992 walitaka hasa hicho ulichokifanya wewe: mteja anarudi studio na diski yake, wanamwongezea picha za filamu mpya. Na Windows nayo ingekuonyesha za 2011 tu. Uliniambia mwenyewe kwenye simu kwamba CD hiyo hujaifungua tangu 2011, kwa hiyo Linux imeponzwa na kuwa wa kwanza kukutwa eneo la tukio.

Sasa kazi. Mjukuu akae hapo pembeni aandike. Kwenye Linux kiendeshi cha CD kwa kawaida huitwa `/dev/sr0`. Fungueni teminali (dirisha la kuandikia amri), sakinisheni wodim, programu ya kuchomea CD, kama haipo (`sudo apt install wodim`), halafu:

`wodim dev=/dev/sr0 -toc`

CD yako ilinijibu hivi, nimeacha safu zisizotuhusu:

`track: 1 lba: 0`
`track: 2 lba: 96414`
`track: 3 lba: 144614`
`track:lout lba: 205000`

Namba za kulia ni sekta, na kila sekta ina baiti 2048. Picha za 2008 zinaanzia sekta 0, za 2009 zinaanzia 96414, za 2011 zinaanzia 144614. Mstari wa mwisho ndipo maandishi yanapokomea. Nakili namba hizo kwenye karatasi, weka ndani ya kasha la CD.

Mint ikiona CD huipachika yenyewe (mafundi tunasema kumaunti) na kukuletea sesheni ya mwisho. Lazima muishushe kwanza:

`sudo umount /dev/sr0`

Hapa ndipo watu wanapoumia. Mimi mwenyewe niliruka hatua hii siku moja nikapoteza mchana mzima, mpaka chai ikapoa mezani. Ukiipachika mahali pengine CD ambayo tayari imepachikwa, Linux haikugombezi. Inaitikia amri, inafungua folda uliyotaka, na ndani yake inakuwekea sesheni ileile ya mwisho. Namba ya sesheni uliyoandika inaiweka kapuni kimyakimya. Unaanza kuapa kwamba sesheni za zamani hazipo, kumbe hukuzifikia.

Ikishashuka:

`sudo mkdir -p /mnt/mahafali`
`sudo mount -t iso9660 -o ro,session=1 /dev/sr0 /mnt/mahafali`

Fungueni `/mnt/mahafali`. Kwangu zilitoka picha 141. Ya kwanza niliyoibonyeza ina wasichana wanne wameshika vyeti chini ya mbuyu, mmoja amefumba macho. Nikanakili zote kwenye diski ya kompyuta, nikaishusha CD, nikarudia kwa `session=2`. Ya tatu mnaijua.

Kuna kitu kimoja ambacho maelezo mengi hayakisemi. Neno linaloandikwa ni `session`, lakini ukichungulia msimbo wa kerneli (kiini cha Linux) utakuta inachohesabu ni treki, yaani vipande vya maandishi kwenye CD, kama nyimbo kwenye CD ya muziki. Kwenye CD kama yako, kila sesheni ina treki moja ya data, hivyo hesabu zinalingana. Ukiwa na CD ya kwaya yenye nyimbo 12 mbele na sesheni ya picha nyuma yake, hiyo picha ni sesheni ya pili lakini ni treki ya 13, na utaipata kwa `session=13`. Ndiyo maana mimi napenda njia nyingine, isiyo na maana mbili:

`sudo mount -t iso9660 -o ro,sbsector=96414 /dev/sr0 /mnt/mahafali`

Hapo unamwambia Linux aanze kwenye sekta hii, asimwulize mtu. Anaruka sekta 16 kutoka hapo, anaikuta rejesta. Kwa sesheni ya kwanza unaandika `sbsector=0`.

Nilisema nitaifikia habari ya kuoza. Picha tatu za 2011 ziligoma kabisa, na zote ziko kwenye ukanda wa tatu, panapopita mkwaruzo mmoja mrefu kama njia ya ng'ombe. Jirani naye apate nusu maksi. Nimekurejeshea CD kwa basi pamoja na flashi yenye mafolda matatu. CD usiitupe, na kanga hiyo usiifutie CD kabla ya kuikung'uta vumbi.

Fundi, habari za kazi. Nasoma UDOM. Nilinakili CD ya baba kwa dd (amri ya Linux ya kunakili diski nzima) ili nisiichoshe kwa kuisoma mara kwa mara, kisha nikalipachika faili la .iso, yaani hiyo nakala. CD halisi inaonyesha mafolda matano, nakala inaonyesha moja tu. Tena dd ilikatika njiani na kuandika "Input/output error". CD imekufa?
— Mwanafunzi, UDOM

Salama kabisa. Wewe na Mwalimu mnaumwa ugonjwa mmoja, kila mmoja upande wake. Yeye anaona ya mwisho, wewe unaona ya kwanza. CD halisi ikiwa ndani ya kiendeshi, kerneli inaye wa kumwuliza sesheni ya mwisho imeanzia wapi. Faili la .iso limelala kwenye diski, halina kiendeshi cha kujibu, basi kerneli inaanza sekta 0 na kuridhika na rejesta ya kwanza. Baba yako alichomewa na mtu makini, kwa sababu rejesta yake ya mwisho imebeba mafolda yote matano. Wewe ulikuwa unafungua ya kwanza, iliyoandikwa wakati folda lilikuwa moja.

Kosa la kusoma nalo usilikimbilie kuliita kifo. Kati ya sesheni na sesheni kuna ardhi isiyolimwa. Baada ya sesheni ya kwanza kiendeshi huweka alama za kufungia na za kufungulia inayofuata, jumla sekta 11,400 mpaka data mpya ianze, yaani megabaiti 23 hivi. Baada ya sesheni ya pili na zinazofuata pengo hupungua kuwa sekta 6,900, kama megabaiti 14. Humo hamna faili, na kiendeshi ukikilazimisha kupasoma kinarudisha kosa. dd ya kawaida ikikutana na kosa inaacha kazi. Angalia ukubwa wa faili lako la .iso, nadhani liliishia pale pengo la kwanza lilipoanza, na hivyo data ya sesheni zinazofuata haimo kabisa.

Tumia ddrescue, ambayo kwenye Ubuntu na Mint kifurushi chake kinaitwa gddrescue:

`ddrescue -b 2048 -n /dev/sr0 baba.iso baba.map`

Itapita juu ya mapengo na kuyaandika kwenye ramani kama sehemu mbovu. Fungua `baba.map` uangalie ubovu uko wapi. Ukikuta eneo la baiti 23,347,200 au karibu na hapo, ni pengo la kwanza, uliache lilivyo. Baiti 14,131,200 ni mapengo yanayofuata. Sekta mbili tatu zikigoma mwishoni mwa treki, nazo mara nyingi ni za mchomaji, si za mafaili. Nimeona watu wakiiacha ddrescue inakwangua pengo usiku kucha, kiendeshi kinalia kama cherehani, wakiamini wanaokoa picha. Ubovu wa kweli unaujua kwa kuwa umekaa katikati ya sesheni na hauna kipimo maalumu.

Kisha toa namba kwa `wodim -toc`, CD ikiwa ndani, na upachike nakala ukianzia sesheni ya mwisho:

`sudo mount -t iso9660 -o loop,ro,sbsector=NAMBA baba.iso /mnt/baba`

Usije ukapata wazo la kukata kipande cha sesheni ya mwisho peke yake na kukifanya faili lake. Majina yatatokea yote, utashangilia, halafu picha hazitafunguka, kwa sababu anwani za mafaili huhesabiwa kutoka mwanzo wa CD nzima. Ukikata mbele, kila anwani inaelekeza nyumba isiyo yake.

Kaka fundi, nina steshenari ndogo hapa Majengo. Nimesoma jibu lako la zamani kuhusu sesheni nikaona na mimi nimewafichia watu picha. Natumia Ubuntu. Nichomeje nyongeza bila kuficha za zamani?
— Dada wa steshenari, Majengo

Dada, kwa kukiri tu umewazidi wengi. Mimi natumia programu ya kuchomea inayoitwa xorriso:

`xorriso -dev /dev/sr0 -joliet on -map /home/duka/harusi2 /harusi2 -commit`

Ukiiambia `-dev` inasoma rejesta ya mwisho kwanza, inaongeza folda lako, inaandika rejesta mpya yenye vyote. Hiyo `-joliet on` ni kwa ajili ya mteja atakayefungua kwenye Windows, majina marefu yasikatwe. Diski inabaki wazi kwa nyongeza nyingine, kwa kuwa xorriso haiifungi moja kwa moja usipoiamuru. Ila mteja akisema anaipeleka kwenye deki ya zamani sebuleni, ifunge kwa kuongeza `-close on` kabla ya `-commit`. Deki nyingi za zamani zinaikataa diski iliyoachwa wazi.

Wale ulioficha picha zao waite mmoja mmoja. Fanya kama nilivyomwelekeza Mwalimu hapo juu: toa sesheni zote kwenye kompyuta, zikusanye folda moja, uchome CD mpya kwa mkupuo mmoja. Usiwatoze hela, hiyo ni rai yangu tu.

Na mteja anayekuja kila wiki kuongeza barua ya kurasa mbili kwenye CD yake, mwonyeshe hesabu. Barua ina kilobaiti chache, lakini kufungua na kufunga sesheni kunamla megabaiti 14 kila mara, na 23 ile ya kwanza. CD ya megabaiti 700 itajaa kabla haijafika sesheni 50, ndani yake mna barua tu. Mwuzie flashi.

Fundi, nimefuata amri zako zote. Linux inanijibu "wrong fs type, bad option, bad superblock". Diski ilichomwa kazini kwenye Windows, wakati ule niliikokotea mafaili kama flashi.
— Msomaji, Manyoni

Hilo neno "kama flashi" ndilo jibu. Windows ilikuuliza unataka kuitumia diski kama flashi au kama ya deki, ukachagua flashi, nayo ikaiandika kwa mpangilio wa UDF. Haina rejesta za ISO 9660, na `-t iso9660` inatafuta kitu kisichokuwepo. Andika `sudo blkid /dev/sr0`. Ukiona `TYPE="udf"`:

`sudo mount -t udf -o ro /dev/sr0 /mnt/diski`

Ikigoma na hapo, kuna uwezekano sesheni iliachwa wazi. Irudishe kwenye kompyuta yenye Windows, ikiwezekana ileile iliyoichoma, bofya kiendeshi kwa kitufe cha kulia, chagua kufunga sesheni, usubiri mpaka taa itulie. Kisha jaribu tena kwako. Ukishindwa kabisa nitumie diski yenyewe kwa basi. Mwezi uliopita kuna ndugu mmoja alinitumia picha ya CD aliyoipiga kwa simu, akaniuliza kama naona mafaili yake.